Mnyama Aliyekuwa Mwani

Maalim,

Nimeliondoa jina lako kwenye makala. Nakuambia mwanzo, kwa sababu ulichukia mtu anayezungukazunguka kabla ya kusema.

Ulipofariki, sisi wanafunzi wako tulikubaliana kwamba kisukuku ulichotoka nacho Namibia, lile jiwe lenye duara ndani ya duara, kipewe jina lako. Ulisadiki kuwa hapo palilala mnyama laini kama konyeza wa baharini, enzi ambazo wanyama hawakuwa bado na mifupa wala magamba. Mkeo, Bi Nuru, alilitandikia jiwe kitambaa dirishani. Kila aliyekuja kumpa pole aliambiwa, "Huyu ni katika wanyama wa mwanzo duniani, na jina ni la Maalim." Kazi ya kuandika makala ya kumtangaza mnyama huyo niliachiwa mimi.

Mwezi uliopita nilikuwa ufukweni Liwatoni, maji ya bahari yakitoka. Shina la mwani lilikuwa limejikita mchangani, mkondo unalizungusha, na ncha yake inachora. Duara ndani ya duara. Nilisimama mpaka viatu vikalowa. Nikaenda kulitazama jiwe upya kwa lenzi. Katikati pana kitobo cha shina, na mistari yote ni mikwaruzo. Hapakuwa na mnyama, Maalim. Nililia, na nilikukasirikia pia, maana ni wewe uliyenifundisha, "Tafuta kwanza la kukukanusha." Ningekuwa mwanafunzi mbaya, leo ungekuwa na mnyama wako.

Kumwambia Bi Nuru kulinishinda siku kadhaa. Nilipomwambia, aliendelea kumenya vitunguu, kisha akauliza, "Huyo konyeza yu vipi kwa sura?" Nikamweleza kwamba hana kichwa, hana uti wa mgongo, ni utelezi mtupu.

"Basi afadhali, mwanangu. Maalim hangeridhika jina lake kupewa utelezi."

Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu tukuzike. Jiwe liko palepale dirishani, na wageni sasa anawaambia kwamba ni mwani uliozunguka, na kwamba mumewe alikosea.

Wanyama wa kweli wa enzi hiyo wapo, nami nitawatafuta. Nikimpata mmoja, nitamkanusha kwa kila hoja niliyo nayo. Akinishinda, ataitwa kwa jina lako.

Lala pema, Maalim. Jina lako bado ninalo, sitaupa mchoro wa mchangani.