Araki Haikuingia Kwenye Kibuyu

Marahaba, Neema. Hapa Akheri hatujambo. Goti la babu yako limepata nafuu, na kahawa imechanua vizuri.

Unauliza kwa nini pombe kali huko Uturuki inaitwa raki, na rafiki yako wa Indonesia anasema kwao ni arak. Hilo nililisikia siku ya posa yangu. Mjomba alileta gongo, pombe kali ya kienyeji inayopikwa kwa mvuke. Mgeni wetu, mzee wa Kihindi mwenye duka Sekei, akainusa, akacheka.

"Hii ni araki. Kwa Kiarabu maana yake jasho, kwa vile mvuke wake hudondoka kama jasho. Wafanyabiashara waliibeba, na jina likaenda nayo kila nchi."

Wazee wa upande wa mchumba wangu walikuwa wanasubiri kibuyu cha pombe, ishara kwamba tumeipokea posa. Mjomba akataka kukijaza gongo. Nikamshika mkono.

"Hapana, mjomba. Mama ametokwa jasho wiki nzima kwa pombe ya ndizi. Wanywe jasho hilo, au posa irudi."

Mama akakijaza pombe yake. Kisha baba mkwe akakipokea kibuyu cha mama, akanywa.

Jina hilo limezunguka dunia, mjukuu wangu, lakini kwenye kibuyu chetu halijaingia. Mwambie mapema huyo kijana wako anayetaka kukuposa: kwetu hunywewa pombe ya ndizi.

Bibi yako.