Wodi ya Wazazi Kapewa Wifi

Jumatatu, 5 Januari

Likizo kwisha. Nimeingia ofisini saa mbili kasoro kumi, blauzi mpya, kalamu mpya, shajara hii mpya. Leo ndiyo leo — mkurugenzi anagawa miradi ya mwaka.

Wodi ya wazazi kapewa wifi.

Naandika tena nione kama itauma kidogo zaidi. Kapewa wifi! Dada wa mume wangu. Niliyemwingiza mwenyewe kwenye kampuni hii ya ujenzi miaka mitatu iliyopita, nikamtoa tongotongo, nikamfundisha hata kusoma mchoro wa msingi. Na mwaka jana wote ni mimi niliyekuwa naenda pale hospitalini. Ni mimi niliyekaa na wakunga kuwauliza mlango uwe wapi, kitanda kigeukie wapi. Nimepika mimi, kapakua yeye.

Mimi nimepewa paa la maktaba. Mradi ulioota mvi. Ulianza mwaka juzi na paa bado linavuja.

Mkurugenzi eti wewe ni mzoefu, maktaba inataka mtu mzima. Mtu mzima! Watu wakampigia wifi makofi. Nami nikapiga, tena kwa nguvu kuliko wote. Viganja vinawaka mpaka sasa.

Akanikumbatia kwenye ngazi. "Wifi, nitakusumbua kwa maswali, usinichoke." Ananukia vizuri. Hata hilo limeniudhi.

Jumanne, 6 Januari

Nimetengeneza ratiba. Mistari arobaini na mmoja, rangi nne, nikaiprinti kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani. Ndivyo mwaka unavyoanzwa na watu wenye akili zao.

Wifi hana ratiba! Mtunza stoo ndiye kaniambia. Kawakusanya watu wake wote saiti, mpaka mlinzi wa lango, kawaketisha duara juu ya matofali, simu zote ndani ya kikapu. Swali moja tu: mwaka jana kazini nini kilikuumiza? Halafu akawa anaandika majibu. Saa nzima.

Nikacheka. Nikasema, huo ni mradi au matanga?

Mtunza stoo hakucheka. "Bosi, mimi huu mwaka wa tisa hapa. Sijawahi kuulizwa."

Mchana fomeni wangu kaja kuiona ratiba. Tunamwita Futi Saba, kwa urefu wake. Kaisoma yote, mikono nyuma, kama mtu aliye msibani anayesoma shada. Kisha: "Nzuri, bosi. Ila hawa wapaka rangi wa mstari wa tisa waliacha kazi Desemba."

Sikujua. Mstari wa tisa mpaka wa kumi na nne — chali.

Alhamisi, 8 Januari

Nimejaribu na mimi. Sijivunii. Duara, kikapu, swali lile lile, neno kwa neno. Mtu anakohoa. Mtu anaangalia viatu vyake. Mwishowe mama wa usafi akanyanyua mkono, taratibu, kama mwanafunzi.

"Kilichoniumiza ni wewe, bosi. Unapita, husalimu."

Nikasema asante. Nikaandika "salamu" kwenye karatasi, nikapiga mstari chini yake ili nisiinue uso. Wifi anaambiwa mambo ya toroli mbovu na buti zilizotoboka. Mimi naambiwa mimi!

Saa kumi nikapita saiti yake, eti iko njiani. Haiko njiani. Nani namwona? Futi Saba! Fomeni wangu, kashika kamba, anamsaidia wifi kupima pembe ya jengo. Kashtuka kama mume aliyefumaniwa. "Nilikuwa nimemaliza kule, bosi. Nimepita kusalimia tu."

Wanasalimiana kwa kamba siku hizi.

Nyumbani nimemweleza mume wangu. Kanisikiliza huku anamenya chungwa. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kwa nini namwandama dada yake. Namwandama! Nimekwenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumapili, 11 Januari

Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Hata hatujaketi vizuri: "Mmesikia? Binti yangu kapewa wodi! Wajukuu wa mji huu watazaliwa mikononi mwake." Akamjazia sahani. Mimi nikajipakulia.

Wifi akaweka kijiko chini. Akasema mbele ya wote, mama, usinipe sifa zisizo zangu, ile kazi yote aliifanya wifi, mimi nimeokota tu.

Wote wakanigeukia. Mama mkwe akasema, "Ahaa, kumbe! Hongera na wewe, mwanangu." Na wewe.

Angejisifu ningepata pa kumshikia. Angeninyang'anya kwa nguvu ningempiga vita. Lakini huyu ananirudishia kilicho changu mezani, mbele za watu, kama mtu anayempa mgeni kipande cha nyama alichokibakisha. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Mume wangu akanibana mkono chini ya meza. Sijui alikuwa ananipongeza au ananizuia.

Jumanne, 13 Januari

Wifi kaja ofisini kwangu. Kashika ripoti yangu ya mwaka jana, imejaa vikaratasi vya alama. Kaisoma kweli kweli, ukurasa kwa ukurasa. Anasema ni nzuri, ila inaonekana kuna mengi wakunga walisema ambayo hayakuingia. "Wifi, ulikuwa na daftari. Lile la jalada la bluu. Naomba niliazime siku mbili tu."

Daftari lilikuwa kwenye droo. Goti langu lilikuwa linaigusa droo hiyo.

"Lilipotea tulipohama ofisi," nikasema.

Imetoka yenyewe, laini, bila kukwaruza koo. Akasikitika. Kwa ajili yangu! "Pole wifi. Kazi yako yote ile."

Alipotoka nikalifungia kwenye droo kwa ufunguo. Ripoti wachukue, wodi wachukue, na fomeni wamchukue. Daftari ni langu. Kuna miandiko yangu ya miezi minane mle, na mchoro wa kitanda uliochorwa na mkunga mwenyewe kwa mkono wake. Kitu kimoja tu, jamani, kibaki changu.

Alhamisi, 15 Januari

Sijui niandike vipi.

Wakati wa chakula cha mchana nilijifungia, nikalitoa daftari. Nilitaka kujifariji tu, kujisoma nilivyokuwa hodari. Nikafika ukurasa wa mwisho. Mkunga mkuu, yule bibi aliyestaafu mwezi uliopita. Siku ile nilikwenda kumuaga tu, ripoti nilikuwa nimeshaikabidhi. Alinisindikiza mpaka nje, akaonyesha kwa kidole kona ya kiwanja cha wodi mpya, upande wa ukuta wa nyuma. Nimeandika maneno yake:

"Hapa palikuwa na kisima enzi tunaanza kazi. Kilipokauka wakakifunika kwa mbao, wakamwaga udongo juu. Hakikujazwa. Muwaambie wachimbaji."

Chini yake, mwandiko wangu: NIONGEZE KWENYE RIPOTI. Halafu ikaja likizo. Sikuongeza.

Kisima hakimo kwenye mchoro wowote. Wifi anaanza kuchimba msingi Jumatatu. Kona ile ile.

Hii shajara haisomwi na mtu, basi niseme kweli yote. Nilichowaza kwanza hakikuwa watu. Niliwaza: katapila litakwama, kazi itasimama, mkurugenzi atasema laiti tungempa yule mwingine. Nikauona uso wake akisema. Nikaona raha. Muda wa kikombe kimoja cha chai, niliona raha.

Kisha nikaona sururu, na mwenye sururu.

Nitamwambia. Lazima. Lakini nikimwambia ataniuliza nimejuaje leo na sikujua juzi. Nitasema nimekumbuka tu, ghafla. Watu hukumbuka. Kesho mchana, kwa utulivu, nikishapanga maneno. Jumatatu bado mbali.

Ijumaa, 16 Januari

Saa tatu asubuhi, ukumbini. Mkurugenzi kanipita anachekelea: wifi yako huyo moto! Katapila limepatikana mapema, wameanza kuchimba leo, siku tatu kabla!

Nikapiga simu. Inaita. Nikapiga tena. Kikapu! Simu zote ziko kwenye kikapu.

Sikumbuki nilivyoendesha. Nakumbuka lori la mchanga mbele yangu, na mimi napiga honi na kumlaani dereva asiye na kosa lolote. Nakumbuka mlinzi wa saiti akinitaka nisaini kitabu cha wageni. Nilimsukuma. Mtu mzima wa watu.

Katapila lilikuwa upande wa mbele. Kona ya nyuma walikuwa wawili kwa mkono, kwa sababu mashine haipiti kati ya ukuta na mti. Mmoja kashafika magotini, anainua sururu.

"Toka! Toka hapo! Kuna kisima chini!"

Sikujua nina sauti ile. Wote wakaganda. Yule wa shimoni akaniangalia kama mwendawazimu, lakini akatoka. Wifi akaja mbio, kofia imemlalia sikioni. Hakuuliza kitu. Akachukua nondo ndefu, akalala kifudifudi pembeni, akachoma pale alipokuwa amesimama yule mtu.

Nondo iliingia. Ikaingia. Akaiachia — ikazama yote. Tukasubiri. Kisha mlio, kwa mbali, chini kabisa.

Yule mchimbaji akaketi chini. Kanipa mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na jua lile. Mwenzake kaniambia, mama, huyu ana mapacha wa wiki tatu.

Wifi akanishika mabegani mbele ya wote. "Mnamuona huyu? Huyu ndiye wifi yangu. Leo katuzalia mtu upya." Wakanipigia makofi. Yale makofi niliyoyataka tangu Jumatatu ya kwanza! Nilisimama katikati yake kama mtu aliyevalishwa nguo ya marehemu.

Mpaka jioni hakuniuliza nimejuaje. Saa kumi na mbili ndiyo kaniletea ujumbe: Wifi, kesho kwenye duara njoo uwaambie ulivyojua, wajifunze. Mimi mwenyewe nataka kujua nilikosea wapi.

Nilikosea wapi. Yeye!

Jumamosi, 17 Januari

Saa moja na nusu. Niko ndani ya gari, nje ya lango la saiti. Naandikia kwenye usukani.

Sikumwambia mume wangu chochote isipokuwa sehemu ya makofi, na hiyo alishaisikia kwa mama yake. Kanitengenezea chai asubuhi. Mama mkwe naye kapiga simu, kaniita mwanangu mara tatu, bila "na wewe".

Kisima wamekizungushia kamba nyekundu. Watu wameshaketi. Namwona yule mchimbaji, kavaa shati safi. Wananingoja mimi. Maneno niliyoyapanga ni mazuri: bibi mkunga aliniambia, nikasahau, jana nikakumbuka. Yote kweli, nusu nusu. Wataamini. Wataniheshimu mwaka mzima.

Wifi kasema kitu, duara zima limecheka. Na mimi humu ndani, baada ya yote ya jana, kitu cha kwanza kilichonipanda kooni ni kile kile. Wivu. Wananicheka? Hapana. Wanacheka naye tu, basi, na mimi simo.

Kaniona. Kainuka, anakuja, vikombe viwili mkononi, anavuta mguu kidogo — jana alijiumiza goti pale alipolala. Hakuniambia.

Daftari la bluu liko kiti cha abiria. Nililitoa kwenye droo jana jioni, sijui kwa nini. Kulisukumia chini ya kiti ni kitendo cha mara moja. Mkono wa kushoto uko huru.

Kafika. Anazunguka upande wa pili. Ili aketi, itabidi aliinue daftari.