Shauri la Kifaru na Nyota

12 Februari

Kaka yangu,

Salamu nyingi, na pole na baridi ya huko. Mimi sijambo. Kazi ya kuwachapia watu barua na kadi za harusi inaendelea, mgongo tu ndio unaolalamika. Kuhusu Baba nisikufiche. Majibu yametoka. Ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, unaolegeza msuli mmoja baada ya mwingine, na kwake umeanzia kinywani. Hauna dawa. Daktari aliyasema hayo akiangalia dirisha.

Kuna jambo moja tunaloweza kufanya. Mtaalamu wa matamshi anasema Baba akisoma sentensi nyingi kwenye kompyuta sasa hivi, kompyuta itajifunza sauti yake. Siku sauti ikiondoka, yeye ataandika, nayo itamsemea kwa sauti ileile. Si ya mashine, kaka. Yake. Ila tuwahi.

Bosi wangu yuko tayari kuniazima Kifaru, ile kompyuta iliyopo mezani kwangu kazini. Nikadhani nimemaliza, kumbe nimemsahau hakimu! Unamjua baba yetu. Tangu enzi zake za ufundi redio hakuna kitu kilichoingia nyumba hii bila kesi, kiwe cha kununua au cha kuazima. Pasi ilibishaniwa, baiskeli ilibishaniwa, hata viatu vyako vya shule. Wewe utetee hiki, mimi kile, katikati ya kesi atubadilishie pande, halafu agonge meza kwa mpini wa bisibisi. Basi kasema: "Mwandikie kaka yako Mbishi alete upande wake. Na iwe barua, hata kama ni barua pepe, nisomewe. Kesi haisikilizwi kwa vijiujumbe vya simu."

Nikaguna, lakini moyoni nilifurahi. Tangu Mama afariki, mimi na wewe tumekuwa watu wa heri ya mwaka mpya tu.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku

20 Februari

Chiriku,

Natumaini mgongo umepoa. Mpe Baba shikamoo yangu, umwambie nimeisoma barua nimesimama, katikati ya kompyuta za watu nilizozipasua matumbo, na nikashindwa kuendelea na kazi. Sijui niseme nini juu ya ugonjwa. Juu ya kompyuta najua.

Kifaru? Ile ni kompyuta au tofali? Naitengeneza kila siku, utumbo wake naujua. Feni yake inavuma kama mashine ya kusaga. Utamrekodi Baba au utarekodi unga? Mimi natetea kompyuta ya Nyota: haitoi hata mguno, na kipaza sauti chake kinasikia mpaka mtu anavyomeza mate. Sauti hiyo tutaishi nayo, mdogo wangu. Ipate chombo kinachoistahili.

Na tafadhali, usije ukashika simu ukamrekodi kwa pupa. Atatoka kama mtu anayeongelea ndani ya mtungi, na tutabaki na mtungi huo maisha yetu yote. Haraka haraka haina baraka.

Kaka yako,
Mbishi

1 Machi

Kaka,

Hujambo wewe na kiburi chako? Barua yako imesomwa mbele ya mahakama. Hakimu alikaa kwenye kiti chake cha kamba, bisibisi mapajani, kanzu safi. Nilipofika pale ulipoiita tofali alitabasamu. Sasa sikiliza utetezi.

Mwaka juzi niliimwagia Kifaru kikombe kizima cha chai. Nikaipindua, nikaipangusa, mchana ikachapa kadi za harusi. Nyota ikimwagiwa hata machozi inakufa. Tena ikiugua inazikwa, maana imegandishwa kwa gundi na huwezi kubadilisha hata betri. Umesahau nani alitufundisha kwamba chombo kisichofunguka si chako, umeazimwa tu?

Hapo Baba alicheka mpaka akapaliwa. "Chiriku kapata!" Lakini meza hakuigonga. Alisema hoja ya feni haijajibiwa, na upande wa pili una haki ya kusema tena.

Nilimwambia turekodi huku kesi ikiendelea. Akasema hakimu hatekelezi hukumu ambayo hajaitoa. Jioni maneno yanamteleza, namwomba arudie, anaudhika. Umeniambia haraka haraka, nami nakwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Jibu upesi.

Mdogo wako,
Chiriku

9 Machi

Chiriku mpenzi, na Mheshimiwa Hakimu,

Shikamoo Baba. Huku tu wazima. Barua yenu nimewasomea wenzangu wakati wa chakula, karakana ikagawanyika mara mbili, wawili nusura wakunjane mashati. Sijacheka hivi tangu nihame.

Gundi naikubali. Lakini Baba hatafuti kompyuta ya kufungua, anatafuta ya kumsikiliza. Na kwa kuwa maneno matupu hayavunji mfupa, nimetuma ushahidi: Nyota yenyewe, niliyoikarabati kwa mikono yangu, iko njiani. Hakimu aione kwa macho, aguse, kisha atoe hukumu. Najua nimevuruga utaratibu kidogo. Subirini ifike tu, kisha mrekodi mara moja, vizuri.

Kaka yako,
Mbishi

2 Aprili

Kaka,

Natumaini u mzima.

Nyota iko forodhani. Nimekwenda, nimerudi, nimekwenda tena. Karani alitaka uthibitisho kwamba imeshatumika. Nilipouleta, akautaka wenye mhuri. Nilimweleza habari za Baba, akanipa pole ya kweli kabisa, kisha akaita anayefuata.

Jumatatu nikasema mahakama na ivunjwe. Nilibeba Kifaru kutoka kazini nikaiweka mbele ya Baba. Safari hii hakubisha. Sentensi ya kwanza iliyotokea ilikuwa "Leo asubuhi nilifungua dirisha." Alijaribu. Ilitoka pumzi. Akajaribu tena, mate yakamtiririka, nikampangusa. Tuliendelea hivyo mpaka akaisukuma kompyuta kwa kiwiko.

Nilimpelekea mtaalamu tulichopata. Alisikiliza, akanishika bega, akasema mashine haiwezi kujifunza kwa sauti hiyo. Feni ilikuwa inavuma, ulisema kweli. Ilisikika vizuri kuliko yeye.

Chiriku

3 Aprili

Mdogo wangu,

Sina salamu. Nimekaa kwenye ngazi za karakana na sijui nifanye nini na mikono yangu.

Tafuta chochote. Yule ni fundi redio, nyumba nzima imejaa kanda! Hakuna hata moja yenye sauti yake? Fungua yale makasha ya chini ya kitanda. Fungua simu yako. Kipande chochote, hata kibovu, hata cha mtungini. Nitakisafisha, nitaomba msaada kwa wanaojua zaidi yangu. Tafadhali.

Kaka yako

28 Aprili

Kaka,

Nisamehe kwa kukawia. Nilikuwa nasikiliza kanda. Baba hajambo kwa kadiri yake, anakula uji.

Kanda ni nyingi. Kuna sauti za wateja, za watangazaji, kuna Mama anaita watu wakale. Baba mwenyewe hayumo. Si unakumbuka alivyokuwa akijaribu vinasa sauti? Alikuwa anapiga mluzi. Nina mluzi wa baba yetu kanda baada ya kanda, msafi kabisa, na hauna neno hata moja.

Nyota imefika. Ni nzuri, nisiwe mchoyo wa sifa. Nimemwekea, anabonyeza kwa kidole kimoja, nayo inamsemea kwa sauti iliyokuja nayo, ya bwana mmoja kama anayetangaza matokeo ya mitihani. Neno la kwanza aliloandika Baba lilikuwa: "Huyu bwana ni nani?" Nilicheka mbele yake, nikaenda kulilia jikoni.

La pili: "Mbona Mbishi haandiki?"

Nilimwambia unaona aibu, na mimi naona aibu. Alichukua muda mrefu sana, kisha yule bwana akasema: "Kesi sijaifunga. Nilikuwa nairefusha ili msiache kuandikiana." Kaka, ndivyo alivyosema. Alijua saa zinakwenda, na aliziacha ziende.

Kwenye simu nimepata kitu kimoja. Siku moja ya Februari, kabla hujanikataza, nilikuwa najaribu kama inarekodi, na Baba alikuwa anakaa kitini. Anasema, kama anavyofungua kesi zetu: "Haya, anzeni." Basi. Nimemuuliza mtaalamu, anasema ni kidogo mno, haifai kitu. Nimekuambatanishia.

Vidole navyo vimeanza kulegea. Bisibisi namfumbatishia mimi. Anangoja.

Mdogo wako,
Chiriku

29 Aprili

Mheshimiwa Hakimu, Baba yangu,

Shikamoo. Chiriku, msomee taratibu, na usilie katikati maana utanivurugia kesi.

Nimeisikia sauti yako, Baba. Niliiweka sikioni mara nyingi mpaka wenzangu wakazima mashine zao bila kuombwa. Umesema tuanze, basi naanza.

Zamani ulikuwa unatubadilishia pande katikati ya shauri. Leo naomba nihamie upande wa Kifaru. Chiriku, wewe chukua Nyota, una mengi ya kuisifia na mimi nitakusaidia, maana kwa kila kipimo ninachokijua Nyota inashinda. Kifaru ni nzito, sibishi. Inavuma, sibishi. Nimeitukana kwa miaka na kila tusi ni la haki.

Hoja ninayo moja tu. Siku ulipokuwa bado unaongea, Kifaru ilikuwepo mezani.

Naomba ugonge meza.

Mwanao,
Mbishi