Kitanzi Kinene

Nkubu, Jumanne jioni



Mwenda, msimamizi wetu, alileta kamba mpya ya kuteremkia kutoka juu ya mti wa mukima tunaoukata, kisha akakata kipande cha kamba hiyohiyo kiwe kitanzi cha kumshikilia mtu kwenye kamba. Nikamwambia kitanzi lazima kiwe chembamba kuliko kamba, la sivyo hakitaibana mtu akining'inia.

"Kamba ni kamba," akasema.

Nikakizungusha kwenye kamba mara tatu, nikaning'inia pale chini kwanza. Kikateleza, nikaketi matopeni.

"Mtu wa Vihiga, punguza ugali!" wenzangu wakacheka.

"Ukiogopa, Kirimi atapanda," Mwenda akasema.

Kirimi ana watoto watatu na hajawahi kuteremka kwa kamba. Alikuwa ameshavua viatu.

Basi nikachukua kamba nyembamba ninayofungia godoro langu, nikaifunga kitanzi, nikaizungusha mara tano. Ikashika. Nilipanda nikakata matawi, lakini kwa woga nikateremka mbio mno. Nilipofika chini kitanzi kilikuwa cha moto, kimeyeyuka upande mmoja.

"Lete," Mwenda akasema. "Kesho Kirimi atakitumia kazini Embu."

Nikakikatakata kwa panga mbele ya Mwenda. Akaniambia kesho nisije kazini.

Sijui nitakula wapi. Lakini kile kitanzi kinene bado kiko kwenye gari la kazi, na hilo ndilo linaloninyima amani. Jioni hii nilimfuata Kirimi kwake, nikamzungushia uzi wa kiatu kidoleni mara tano, nikavuta mpaka akapiga kelele.

"Kitanzi kikibana kamba hivyo, panda," nikamwambia. "Kisipobana, rudi nyumbani."