Upande wa Pili wa Kaseti

Jumanne, 4 Juni 1996

Nimesahihisha madaftari ya kidato cha pili. Moyo wa chura bado wanauchora kama kiatu. Treni imeleta posta: barua ya Masanja na kaseti. Mume wangu ana mwaka wa tatu Uingereza, anasomea ubongo. Anasema upande wa kwanza ni mlio wa chembe moja ya ubongo wa paka. Upande wa pili ni yeye, anasema kama anarudi mwaka huu au anabaki. Kuandika ameshindwa. Mwoga.

Nitausikiliza Jumapili, mama mkwe akiwa kanisani. Nataka niwe naye peke yangu.

Jumatano, 5 Juni

Upande wa kwanza. Ta. Ta-ta. Kimya kirefu. Ta. Paka anaonyeshwa mstari uleule kila mara, lakini chembe haipigi sawasawa hata mara mbili. Masanja anasema si ubovu. Maelfu ya chembe jirani huisukuma, nyingine zikiichochea, nyingine zikiizuia, na nguvu zinakaribia kulingana. Uchochezi ukizidi kidogo tu, inapiga. Lini, hujui.

Nimemwelewa kuliko alivyotaka. Kule maabara, huku mimi. Nina hamu naye mpaka inauma.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeirudia. Mayu, mama yake Masanja, akaja mbio. "Mwanangu, hii imeingia unyevu. Mbona Masanja haongei?" Nikamweleza. Akaguna.

Jumamosi, 8 Juni

Nimetoka sokoni nikakuta Mayu ameanika kaseti juu ya bati, pamoja na betri za redio. Betri hupata nguvu juani. Kaseti imepinda, utepe umeshikana. Nimeizungusha kwa kalamu, wapi.

"Nilitaka nimsikie mtoto wangu," alisema. Nimemfokea, Mungu anisamehe. Akalia. Na mimi nikalia.

Jumapili, 9 Juni

Nimeandika: ulisemaje? Nikachana. Jibu litachukua miezi, na mimi nitakuwa nimekaa tu, nikingoja. Mke mwema angeandika: baki, maliza. Mimi nimechoka na wema.

Nimeandika: Rudi.

Jumatatu, 10 Juni

Barua imeondoka. Habari za kaseti sikumwambia. Kabla sijaifunga, Mayu aliomba na jina lake liwemo. Hajui kuandika, nikamshika mkono, tukaandika pamoja. Jina limeenda upande. Jioni tumekula viazi vya jana, sahani moja.