Kwa Maelezo Yake Mwenyewe

Februari 6

Mpwa wangu, Profesa,

Salamu nyingi kama mchanga. Natumaini hujambo na vitabu vyako havijambo. Mimi huku ni mzima wa afya, sina neno, ila nina hasira, na hasira si ugonjwa.

Wamenikatalia. Lile ombi ulilonijazia wakati wa likizo, la kuletewa mhudumu wa nyumbani siku tatu kwa wiki, limerudi na muhuri wa zambarau. Nakunakilia neno kwa neno, maana wewe ndiye msomi: "Kwa maelezo yake mwenyewe, mwombaji ana afya nzuri na hana shida yoyote. Hakidhi vigezo." Mimi! Mwenye nyonga mbovu na vidole vilivyopinda kama misumari iliyopigwa na mlevi! Lini nimewaambia sina shida? Yule afisa ustawi alikaa hapa nusu saa nzima, kijana ana adabu zake, shati limenyooshwa vizuri, kumbe mwongo mkubwa. Miaka thelathini na moja nimekuwa fundi bomba, sijawahi hata siku moja kumwandikia mtu kwamba bomba lake halivuji huku maji yananifika magotini.

Hebu nikuulize, unasomea nini huko miaka yote hii? Sera za jamii, dola ya ustawi, sijui nini na nini. Huo ustawi uko wapi? Niulizie kwa walimu wako.

Usinipigie simu. Sikio la kushoto limekufa na la kulia linachagua la kusikia. Andika.

Mjomba wako

Februari 15

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Baridi tu, na kusoma. Muhula huu ndio wa mwisho, mitihani ni Juni.

Nimeisoma barua yao mara tatu na damu imenichemka. Ila kabla hatujamwita mtoto wa watu mwongo, nieleze kitu kimoja, na ukieleze kama kilivyokuwa, bila kupamba. Alipofika alikuuliza nini, na wewe ulimjibu nini? Nataka maneno yenyewe.

Mpwa wako

Februari 24

Profesa,

Marahaba. Mimi sijambo, nashukuru.

Swali gani hilo unaniuliza? Kijana alipiga hodi, nikasema karibu. Akaniamkia, nikaitikia. Akasema, "Habari za afya, mzee?" Nikamjibu, "Nzuri, mwanangu." Akasema, "Za nyumbani?" Nikajibu, "Salama tu." Akasema, "Kuna shida yoyote?" Nikamwambia, "Hakuna shida, karibu ukae." Ulitaka nijibuje? Mgeni yuko mlangoni, hata kiti hajakikalia, nianze kumwambia kwamba siku hizi suruali inanishinda kuivuta? Hapo akatoa kalamu. Mimi nikadhani anaandika tarehe.

Na ujue alinikuta nimesimama. Alisema atakuja saa nne, basi saa mbili Msusi wa mlango wa pili alikuja, akanifunga vifungo vya shati, akanisimamisha, nikaegemea ukuta saa mbili nzima ili mgeni asinikute nimelala kama gunia. Miguu ilikuwa inatetemeka lakini nilimpokea kwa heshima zote. Nikawa nasubiri sasa aanze maswali ya maana. Akanywa maji, akaaga, akaenda zake. Ndiyo kazi aliyosomea hiyo?

Mjomba wako

Machi 3

Mjomba,

Shikamoo, na leo niwie radhi, sina salamu ndefu.

Mjomba jamani! Hizo salamu ndizo zilikuwa maswali! Ile fomu ninayo hapa mezani, tunaisoma darasani. Swali la kwanza, hali ya afya: ukasema nzuri. La pili, hali ya nyumbani: ukasema salama. La tatu, matatizo: ukasema hakuna. La nne, je, anaweza kusimama bila msaada? Amekukuta umesimama! Umefeli mtihani kwa kupata majibu yote. Yule kijana ana makosa yake, kumsalimia mtu huku unamjazia fomu si kazi, lakini wewe nawe! Nilicheka peke yangu maktabani, halafu nikaanza kulia, mpaka mkutubi akaja kuniomba nitoke nje.

Unajua kinachoniuma? Mwaka jana niliandika insha ya kurasa ishirini, kwa nini wazee wanaostahili huduma hawaipati. Nilipata alama themanini na mbili. Na huo wote ni upuuzi mtupu kama mzee wangu mwenyewe anaegemea ukuta.

Tena usidhani sijui. Nimempigia Msusi. Kumbe Januari ulianguka bafuni, ukalala sakafuni asubuhi nzima mpaka alipokuja kuulizia ndoo yake. Kumbe unakula mkate mkavu siku nne mfululizo kwa sababu sufuria ya maji hainyanyuki. Na mimi kila barua nasoma "mzima wa afya, sina neno"! Mficha maradhi, kifo humuumbua, wewe ndiye uliyenifundisha.

Rufaa inapokelewa hadi tarehe thelathini Aprili. Wataleta afisa mwingine. Ukimwambia ukweli wote, vizuri. Usipomwambia, mimi naacha chuo nakuja kukufunga vifungo mwenyewe. Sikutishi, nakuarifu.

Mpwa wako

Machi 12

We mtoto,

Ukikanyaga hapa bila cheti nitakufungia mlango, ulale kwa huyo Msusi na mdomo wake usio na breki.

Nilikuchukua una miaka sita, dada yangu hata arobaini hajafikisha kaburini. Nimebeba mabomba ya chuma kwenye bega hili, nimeingia kwenye vyoo ambavyo wenyewe wamevikimbia, ili wewe ukae darasani. Leo umebakiza muhula mmoja, uache kwa ajili ya vifungo vya shati? Nitaishi bila shati!

Unasema nimwambie ukweli. Unaona rahisi, kwa sababu kwenu huko ni swali la kwanza na swali la pili. Mimi naona aibu, mpwa wangu. Basi, nimelisema. Naona aibu. Watu mtaa mzima walikuwa wananiita mimi maji yakiwashinda. Sasa nikae mbele ya mtoto wa mwenzangu nimhesabie yanayonishinda mimi?

Haya, niandikie hayo maneno ya rufaa. Nitayanakili kwa mkono wangu, hata ikinichukua wiki.

Mjomba wako

Machi 20

Mjomba wangu,

Shikamoo. Maneno hayo hapa, karatasi ya pili. Ni mistari sita tu. Nimeyaandika kwa herufi kubwa ili yasikusumbue.

Pole kwa nilivyokuandikia. Kwa nilichosema, siombi radhi.

Akija, usioge. Usivae. Usisimame. Nakuomba.

Mpwa wako

Aprili 20

Profesa,

Leo nakueleza hali yangu kama ilivyo, maana nimeshazoea: ni mbaya. Mgongo unauma, nyonga inauma, na barua hii naiandika siku ya pili sasa.

Afisa amekuja. Safari hii ni binti, umri wako wako hivi. Nilimpokea kitandani, shati wazi, ndevu za wiki. Msusi alitaka angalau afagie, nikamkatalia. Binti akauliza, "Habari za afya, mzee?" Nikasubiri mpaka akainua macho. Nikasema, "Mbaya." Loo! Ilikuwa kama kung'oa jino. Baada ya hapo yakaja yenyewe. Nikamwonyesha vifungo. Nikamwambia bafuni natambaa. Nikamwambia kuhusu sufuria, mkate, siku ile ya sakafuni, hata kwamba nililia pale chini, jambo ambalo Msusi halijui na wewe usimwambie. Binti wa watu aliandika mpaka kalamu ikaisha wino, akatoa nyingine.

Halafu akafika swali la kumi na moja. Akaniuliza, "Una ndugu au mtoto wa kukutunza?"

Hapo nikaona mtego. Mteja mmoja wa Msusi, mama yake alinyimwa mhudumu kwa sababu ana binti. Nikajua nikisema ninaye, watasema basi aje akutunze, na wewe ukisikia tu hivyo utakuja, nakujua ulivyo. Nikasema, "Sina." Akauliza, "Hata mmoja?" Nikasema, "Hata mmoja." Akaandika. Nikatia sahihi.

Mhudumu anaanza Jumatatu. Umeshinda. Sasa kaa huko usome.

Nimekukana, mwanangu. Chakula hakipiti. Nisamehe.

Mjomba wako

Aprili 23

Profesa,

Najua barua ya juzi bado haijakufikia, na hii itaikimbilia nyuma. Soma ya kwanza kwanza.

Nimetoka ofisini kwao. Msusi alinishika mkono huku, fimbo huku, tukakaa foleni tangu saa mbili hadi saa sita. Ukitaka kuijua hiyo dola yako ya ustawi, kakae kwenye benchi lile, lina mguu mmoja mfupi na hakuna anayelitengeneza. Nilipofika dirishani nikamwambia yule binti, "Swali la kumi na moja, futa. Ninaye."

Akasema, "Mzee, nikifuta, faili linarudi mwanzo. Mhudumu anasimamishwa."

Nikasema, "Lirudi."

Akanitazama. Akalitoa faili, akalisoma lile swali kwa sauti, polepole, na safari hii akalisoma lote: una ndugu au mtoto wa kukutunza unayeishi naye nyumba moja? Kumbe siku ile alilikata katikati, alikuwa ana haraka, ana nyumba nyingine nane za kupitia! Akaniuliza, "Huyo mtoto anaishi kwako?" Nikamwambia yuko mbali, anasoma haya haya mambo yenu ili aje ayanyooshe. Akasema, "Basi jibu ni lile lile, mzee. Huna. Nenda nyumbani, Jumatatu mhudumu atakuja."

Siku tatu sijala kwa sababu ya nusu sentensi! Nikamwambia, "Hapana, binti. Haishi kwangu, lakini ninaye. Andika hivyo." Akasema fomu haina nafasi ya kuandika hivyo. Nikamwambia sitoki hapa dirishani. Nyuma yangu watu wanaguna, mmoja anauliza huyu mzee ana nini, Msusi anawajibu mmoja mmoja. Mwisho binti akashusha pumzi, akachukua kalamu, akaandika pembeni kabisa ya karatasi: "Anaye mmoja. Yuko chuoni." Nikamwomba agonge muhuri juu yake. Akagonga.

Tulipokuwa tunatoka, mtu mmoja kwenye foleni akaniuliza kama shida yangu imesikilizwa. Nikamwambia binti yangu anamaliza Juni.

Mjomba wako