Daraja Nililolifunga Jua Likiwaka

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kiti, si juu ya paa ukigongelea bati mwenyewe, maana nakujua. Goti linasemaje? Na mama, presha yake imetulia? Mwambie dawa ni zake, asingoje jirani amkumbushe. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua ya kushinda kando ya mto, na hayo nimeshayazoea kama sare ya kazi.

Huenda unajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, baba. Leo nataka unisikilize mpaka mwisho.

Nilipopewa kusimamia hili daraja la chini, ambalo mto ukijaa maji hupita juu yake, ulicheka ukasema nimesomea barabara miaka minne ili nikawe bawabu wa mto. Basi bawabu wako amefanya kazi. Nilikuta kibao kimoja tu, nacho kimeliwa na kutu. Nikasimamisha nguzo mbili zenye alama za rangi, dereva aone kina cha maji kabla hajaingia. Nikaomba kizuizi cha chuma cha kushusha na kuinua. Nikakipata baada ya barua sita. Kisha nikagundua kwamba mvua inayoua watu hapa siyo ile inayotunyeshea sisi, ni ile inayonyesha milimani wakati sisi tumeanika nguo. Nikapanda mpaka huko, nikaongea na mama mmoja muuza mbegu ambaye duka lake liko ukingoni mwa mto huu huu. Tukakubaliana kwamba maji yakigusa ngazi ya duka lake, anipigie. Kutoka kwake hadi kwangu maji hutumia kama saa moja.

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, alipiga. Alisema ngazi haionekani tena na anahamisha magunia. Huku kwangu jua lilikuwa linawaka, na maji juu ya daraja hayakufika hata kifundo cha mguu. Nilishusha kizuizi. Nikikosea leo, nilijiambia, nani atanisikia kesho?

Gari la kwanza kufika lilikuwa basi, abiria hamsini na wawili, na dereva si mwingine bali Mluzi, yule kondakta wako wa zamani. Alinisalimia vizuri, akauliza habari zako, kisha akaomba nimfungulie. Nikamweleza habari za milimani. Akatazama mto, akatazama mbingu, akacheka. "Dada, unanifungia njia kwa maji ya kunawia miguu?"

Abiria wakashuka. Bwana mmoja wa suti alisema anawahi usaili, na kwamba watu wengine wakipewa geti huona wamepewa nchi. Mwingine akashika kizuizi akitaka kukiinua. Nikakikalia. Ndiyo, baba, mhandisi wako alikikalia chuma, kofia ngumu kichwani, kama kuku aliyeatamia.

Ndipo Mluzi aliposema kwamba angekuwa Kiboko kwenye usukani, saa hizi angekuwa ng'ambo anakunywa chai. Watu wazima kwenye lile kundi wakaitikia, maana jina lako barabarani bado halijachuja. Mluzi akapanda, akawasha injini, akasema atakisukuma kizuizi polepole kwa bampa nami niondoke mwenyewe.

Baba, hapo nilisema jambo ambalo sikuwa na ruhusa yako kulisema.

Unaikumbuka safari ile ulipovusha basi maji yakiwa yamefika kwenye taa, wakakupa hilo jina la Kiboko. Nilikuwa darasa la tano, nimekaa juu ya boneti, kile kifuniko cha injini mle ndani, pembeni yako. Tulipotoka upande wa pili watu walipiga makofi, Mluzi akapiga mluzi mpaka masikio yakauma. Wewe ukasema unashuka kukagua tairi. Mimi nilibanwa na haja, nikashuka nyuma yako. Nikakuona umechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, unatapika, unasema, "Watoto wa watu, Mungu wangu, watoto wa watu." Kisha ukajifuta kwa leso, ukarudi ndani unacheka. Sikumwambia mtu miaka yote hii, hata mama.

Jumanne nililisema lote, kwa sauti, mbele ya wote. Nilimwambia Mluzi kwamba Kiboko anayemjua yeye ni wa upande wa makofi, wangu mimi ni wa upande wa gurudumu. Mluzi akazima injini, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

Tulikaa kama dakika arobaini. Kwanza tulisikia mvumo, kisha ukaja ukuta wa maji ya rangi ya udongo, na mti mzima na mizizi yake. Nguzo yangu moja ikang'oka kama kijiti cha meno, na kipande cha daraja upande wa ng'ambo kikaondoka. Bwana wa suti aliketi chini kwenye vumbi na suti yake. Mluzi alivua kofia, akasimama karibu nami tu.

Juzi mhandisi mkuu alikuja. Amesema utaratibu wetu wa simu na vizuizi utawekwa kwenye mito mingine mitatu, na mama wa mbegu atapewa barua ya shukrani. Nimevimba kichwa, siwezi kukuficha.

Lakini nimekuvua nguo mbele ya watu, baba, na habari itakufikia kupitia madereva. Nilitaka uisikie kwangu kwanza. Naomba unisamehe. Sijutii, ila naomba unisamehe.

Kabla ya masika tutafundisha madereva wa njia hii, na Mluzi ndiye aliyesema mafunzo hayo hayana maana bila wewe. Njoo uwaambie mwenyewe habari ya gurudumu. Siku ile sikukudharau hata kidogo. Nilirudi kwenye boneti nikalala usingizi mzito, kwa sababu nilijua anayetuendesha anatuhesabu mmoja mmoja.

Msalimie mama, msalimie kaka na watoto wake wasiopenda kuoga. Jibu hata kwa mstari mmoja.

Ni mimi kitindamimba wako,
Bawabu wa mto